Ghala la Vitegemewa: "Kuhamisha" au "Kuelekeza Upya"?

Maven, zana ya Apache Software Foundation inayotumika kuunda programu za Java, hupakua maktaba za msimbo ambazo programu inazihitaji na kuzitunza katika kompyuta ya mtumiaji. Mahali hapo pa kutunzia ni ghala la ndani. Kwa kawaida ni folda iitwayo repository, iliyomo katika folda ya .m2 ya mtumiaji. Katika kufasiri maelezo ya kubadili mahali hapo, maneno mawili yanahitaji uangalifu.

La kwanza ni tegemezi. Katika sarufi, kishazi tegemezi hakijitoshelezi. Hutegemea kishazi huru. Maktaba ya msimbo iko upande wa pili wa uhusiano huo: programu ndiyo tegemezi, na maktaba ndiyo inayotegemewa. Kuiita maktaba "tegemezi" ni kuugeuza uhusiano wenyewe. Kauli ya kutendwa, tegemewa, hutupatia nomino isiyo na utata: kitegemewa, wingi vitegemewa.

La pili ni kitenzi hamisha. Kuhamisha kitu ni kukiondoa kilipo na kukipeleka kwingine. Mpangilio wa Maven haufanyi hivyo. Mtumiaji hufungua faili la settings.xml lililomo katika .m2 (au huliunda, ikiwa halipo), kisha ndani ya lebo kuu ya settings huandika njia ya folda mpya:

<localRepository>D:/maven/ghala</localRepository>

Tangu hapo Maven hutazama folda mpya. Yaliyomo katika folda ya zamani hubaki yalipo, na kitegemewa kisichopatikana katika folda mpya hupakuliwa upya.

Tofauti hiyo ina gharama. Mwanafunzi aliyesoma "hamisha ghala" anaweza kuifuta folda ya zamani akiamini kwamba vilivyomo vimekwisha kuhama. Atalazimika kutumia kifurushi cha intaneti kupakua tena alichokuwa nacho. Aidha, maktaba alizoziunda mwenyewe na kuziweka ghalani kwa amri ya mvn install, ikiwa hazimo katika ghala lolote la mtandaoni, hazitapakulika. Itambidi aziunde upya kutoka katika msimbo wake.

Linganisha:

Yenye kupotosha: Hamisha ghala la tegemezi kwa kubadili settings.xml.

Inayofaa: Nakili yaliyomo katika ghala la zamani kwenye folda mpya, kisha ielekeze Maven huko kupitia settings.xml.

Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini kila kitenzi ndani yake kinataja tendo linalotendeka kweli: mtumiaji ananakili, Maven inaelekezwa. Kabla ya kuchagua kitenzi, mfasiri ajiulize ni kitu gani hasa kinachosogea.

Ngeli: ghala li-/ya- (ghala la, maghala ya), kitegemewa ki-/vi-.