Mtoto asilazimishwe kuchagua kati ya darasa na kanisa

SIKU moja baada ya vipindi, mama mmoja anayevuka mpaka wa Mugina na Manyovu kufuata vitenge Kigoma alinijia shuleni. Hakutaka hata kuketi.

"Mwalimu, mwanangu anasema umemfundisha kuwa dunia ina mabilioni ya miaka. Kanisani kwetu tunaambiwa ni elfu sita. Kama kusoma ndiko huko, bora aje anisaidie kuuza."

Sikumcheka. Swali lake nimelibeba tangu nikiwa mwanafunzi katika makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Tabora. Ijumaa mwalimu alitufundisha umri wa miamba. Jumapili mhubiri alisema anayekubali hesabu hiyo amemkana Mungu. Rafiki yangu wa dawati moja aliacha kanisa. Mimi niliacha kuuliza. Miaka mingi nilidhani hakuna njia nyingine.

Kumbe Wakristo hawajawahi kuwa na jibu moja. Hakuna aya ya Biblia inayotaja umri wa dunia. Hesabu ya miaka 6,000 inayojulikana zaidi ni ya James Ussher, askofu mkuu wa Kianglikana nchini Ireland. Mwaka 1650 alichapa kitabu ambamo alijumlisha umri wa wazee wanaotajwa katika Mwanzo, akaunganisha na historia ya wafalme, akapata kwamba dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye tarehe zake zilichapwa pembezoni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na wasomaji wengi wakaziona kama sehemu ya Maandiko.

Hata hivyo, Wakristo wa Mashariki waliotumia Biblia ya Kigiriki walikuwa wamepata mwaka 5509 kabla ya Kristo. Njia ni ileile, lakini tofauti ni zaidi ya miaka 1,500.

Mwafrika mwenzetu Augustino, askofu wa Hippo katika Algeria ya leo, aliyefariki mwaka 430, naye aliamini kwamba dunia haijafikisha miaka 6,000. Lakini aliandika kuwa siku sita za uumbaji si lazima ziwe siku kama hizi zetu. Aidha, aliwaonya waumini wasiseme ovyo mambo ya mbingu na nchi mbele ya wanaoyajua, wasije wakaifanya imani ichekwe.

Leo wapo Wakristo wanaoshika siku sita za saa 24, hasa Waadventista na Wapentekoste wengi. Wapo wanaosema kila "siku" ni kipindi kirefu. Wapo pia, wakiwamo Wakatoliki wengi, wanaosema kitabu cha Mwanzo kinatueleza nani aliumba na kwa nini, si lini. Georges Lemaître, aliyetoa wazo kwamba ulimwengu wote ulianza kutokana na kitu kimoja kidogo mno, alikuwa padri wa Kibelgiji.

Darasani mimi hufundisha miaka bilioni 4.5, takwimu aliyoifikia Clair Patterson mwaka 1956 kwa kupima madini ya risasi katika vimondo. Wala hatuhitaji kwenda mbali. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, linakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Kule Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, nyayo zilizohifadhiwa katika majivu ya volkano zina miaka milioni 3.6. Majivu hayo yana potasiamu, ambayo sehemu yake hugeuka polepole kuwa gesi ya agoni. Wataalamu hupima gesi iliyokusanyika, kama mtu anayekadiria muda kwa kutazama maji yaliyodondoka ndani ya ndoo.

Niliyaeleza hayo yote kwa yule mama, naye akaketi. "Kwa hiyo mwanangu hajamkana Mungu?"

"Hajamkana, mama. Amejifunza umri wa mawe tu."

Akafikiri kidogo. "Basi nitamuuliza mchungaji kuhusu huyo Augustino." Jumatatu mtoto alikuwa darasani.

Walimu wenzangu, tusiwadhihaki watoto wanaosali. Nanyi wachungaji, msiwafungie mlango wanaosoma. Rafiki yangu wa Ulyankulu hakuambiwa kwamba angeweza kubaki na vyote viwili.