Se- na She-: Jina la Baba na Jina la Ukoo katika Sindeni na Jirani Zake

Hati nyingi za serikali katika Tanzania humtaka mtu ataje majina matatu: jina lake mwenyewe, jina la baba yake, na mwisho "jina la ukoo". Maneno hayo ya mwisho yamewekwa kana kwamba kila mtu analo jina la namna hiyo, na kwamba kazi yake ni kulikumbuka na kulitamka tu. Katika makala haya nimekusudia kuonyesha ya kuwa huko Sindeni na katika nchi ya jirani, maneno hayo hayakutani na kitu chochote kilicho sawa nayo. Jina linaloandikwa mahali pale si la ukoo; na ukoo wenyewe hauandikwi mahali popote.

Sindeni ni kata ya Wilaya ya Handeni, upande ule unaoelekea Korogwe. Nchi hii ni Uzigua, na watu wake wa asili ni Wazigua, au Wazigula kama wenyewe wajiitavyo. Kaskazini wako Wasambaa wa milimani, mashariki Wabondei, na magharibi Wanguu. Lugha za makabila haya manne zakaribiana sana hata wataalamu wa lugha wameziweka katika kundi moja, wakaliita Seuta, kwa jina la babu ambaye masimulizi ya watu hawa humtaja kuwa ni shina lao. Jina hilo lenyewe latufaa kuwa mlango wa kuingilia katika habari yetu. Mzigua husema Seuta, na Msambaa husema Sheuta. Uta ni uta, silaha ya mwindaji, neno lile lile la Kiswahili. Na se- au she- ni "baba wa". Basi mzee huyu ni Baba-wa-Uta, yaani bwana wa uta, mwindaji.

Kiambishi hiki ndicho kinachowatambulisha watu wa nchi hii popote waendapo. Askofu Mkuu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana la Tanzania, mwaka 1970, alikuwa John Sepeku. Kasisi wa misheni ya UMCA aliyeandika Mwaka katika Minyororo, habari ya kifungo chake mikononi mwa Wadachi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alikuwa Samuel Sehoza. Mwandishi wa tamthilia ya Ngoswe ni Edwin Semzaba. Milimani sauti hugeuka, tukasikia Shekifu, Shelukindo, Shemdoe. Mtu asiyejua hudhani ya kuwa haya ni majina ya koo, kwa sababu yaonekana ya kudumu na hufuatana na watu wa nyumba moja. Lakini asili yake ni nyingine kabisa.

Asili yake ni heshima ya mzazi. Mtu mzima mwenye mtoto haitwi ovyo kwa jina lake la utotoni. Huitwa kwa mtoto wake. Desturi hii si ya Wazigua peke yao, maana Waswahili wote husema Baba Juma na Mama Juma. Tofauti ni kwamba Kiswahili huacha maneno mawili yakae mbalimbali, hali Kizigua na Kisambaa huyaunga yakawa neno moja. Aliyezaa Mdoe ni Semdoe. Aliyezaa Hoza ni Sehoza. Na lile neno likiisha kuungwa, yeyote aweza kulipokea zima zima bila kuuliza maana yake, kama tutakavyoona.

Hapa yafaa tusimame kidogo tupime mwelekeo wa jina. Desturi iliyotoka pwani pamoja na Uislamu ni ya bin na binti: mtoto hutajwa kwa baba, na baba kwa babu, na jina huenda likipanda. Desturi ya se- hushuka: baba hutajwa kwa mtoto. Njia hizi mbili zimekutana katika nchi moja, na mara nyingi katika mtu mmoja. Mwandishi wa Habari za Wakilindi, kitabu ambacho J. W. T. Allen alikitoa upya mwaka 1962, ni Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy. Jina lake lote lapanda: baba yake ni Hemedi, na asili yake ni Ajemi. Lakini wafalme anaowaandika, wengine wana majina yanayoshuka.

Mfano ulio bora kupita yote umo katika nasaba ya wafalme hao. Mbega alitoka Nguu, akaja Usambaa, akapewa ufalme huko Vuga. Mwanawe ni Buge. Baada ya Buge tunamkuta Shebuge, na baada ya Shebuge, Kimweri mkuu, aliyefariki katika miaka ya 1860. Msomaji aliyeshika maana ya she- atashangaa. Shebuge ni "baba wa Buge". Naye ni mwana wa Buge! Je, mtu amzaa baba yake? Ndivyo, kwa jina. Mtu akizaa mtoto wa kiume, humpa mtoto yule jina la baba yake mwenyewe. Basi mwana wa Buge humpata Buge mwingine, na tokea siku hiyo yeye ni Shebuge. Jina lamwonyesha mtu kati ya wawili, baba aliye nyuma na mwana aliye mbele, na wote wawili wana jina moja. Kwa hiyo majina ya Wakilindi hurudi na kurudi: mtawala wao wa mwisho kabla utawala wa jadi haujafutwa katika miaka ya kwanza ya uhuru aliitwa Kimweri Mputa Magogo, na jina la Kimweri alikuwa nalo mkuu yule wa karne iliyotangulia.

Jambo hili ni la maana kwa hoja yetu. Katika mpango wa namna hii jina halishuki kutoka baba kwenda kwa mwana na kwa mjukuu bila kukatika, kama jina la ukoo la Kizungu lifanyavyo. Huruka kizazi. Baba na mwana hawatakiwi kuwa na jina moja; babu na mjukuu ndio wanaotakiwa.

Mwana wa Kimweri aliyekaa Mazinde, chini ya mlima, penye njia ya misafara, ni Semboja. Yeye ni Mkilindi, mwana wa mfalme wa Wasambaa, na kwa ulimi wa milimani tungetazamia Shemboja. Lakini jina limeshikamana na se- ya bondeni. Wadachi nao waliliandika Simbodja, na kwa maandishi hayo kiambishi kilipotea, akatokea mtu mwenye simba ndani ya jina lake. Mtafiti atakayesoma hati za Kidachi peke yake hatamwona baba yeyote humo.

Ardhi nayo imehifadhi majina ya watu. Katika Wilaya ya Korogwe iko kata ya Kwashemshi, ambapo she- imekaa wazi: kwa Shemshi. Katika Handeni kuna Kwamatuku, Kwaluguru, Kwamkono. Kisha kuna Kwenjugo na Kwedizinga, na pia Komkonga. Mgeni hudhani hizi ni namna tatu za kutamka neno moja. Kwa maoni yangu tofauti yake ni ya sarufi. Nomino ya kawaida katika Kizigua yaweza kutanguliwa na irabu, nayo irabu hiyo ikikutana na kwa, huungana nayo: kwa na i- hutoa kwe-, kwa na u- hutoa ko-. Jina la mtu halina irabu hiyo, ndiyo sababu kwa hubaki kwa. Kama hoja hii ni ya kweli, basi Kwamkono si mahali pa mkono wa mtu, bali ni mahali pa mtu aliyeitwa Mkono. Na orodha ya vijiji vya Handeni ni daftari ya majina ya watu wa kale, iliyo kamili kuliko daftari yoyote ya ofisini. (Sindeni na Handeni zenyewe zina -ni ya mahali, nazo zi mbali na habari hii.)

Daftari za ofisini zilianza na kodi. Wadachi waliamuru kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutozwa mwaka 1898, na tangu hapo mwenye nyumba alihitaji jina ambalo karani angeliona tena mwaka wa pili. Wamisionari nao walitaka jina la ubatizo na jingine la kulifuata. Wote wawili, karani na kasisi, walimkuta mtu mzima, na mtu mzima wa nchi hii alijibu kwa jina lake la heshima. Hivyo se- ikaingia wino, na baada ya wino haikubadilika tena.

Matokeo yake nitayaonyesha kwa mfano, na watu wake nimewabuni. Mzee mmoja ana wana wawili, Mdoe na Singano. Kwa kuwa Mdoe ndiye mkubwa, mzee huitwa Semdoe. Mdoe akienda shule huandikwa Mdoe Semdoe, yaani, tukilifasiri, "Mdoe wa baba wa Mdoe", jina linalozunguka kama mbwa anayefuata mkia wake. Singano, aliyeandikishwa mwaka mwingine na mwalimu mwingine aliyeuliza jina la baba la utotoni, akaandikwa Singano Mhina. Singano akazaa binti, akamwita Asha. Je, Asha ni Asha Singano, au Asha Mhina, au Asha Semdoe? Kila moja ni kweli. Lakini siku ya kugawa shamba la babu, watoto wa Mdoe wana hati zenye Semdoe, na Asha hana. Naye hulazimika kwenda kuapa mbele ya hakimu ya kuwa babu yake ni babu yake. Na hata akipewa jina la Semdoe, ameitwa Baba-wa-Mdoe yeye aliye mwanamke, na Mdoe ni baba yake mkubwa. Katika lugha hai ya Kizigua neno hili lingekuwa kichekesho. Katika hati halichekeshi, kwa sababu kiambishi kimekufa: kimebaki sauti tupu.

Na ukoo je? T. O. Beidelman, katika kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya makabila ya mashariki ya Tanzania yafuatayo ukoo wa mama, aliwaweka Wazigua na Wanguu katika hesabu hiyo. Katika desturi yao ya asili mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na neno juu yake. Uislamu, Ukristo na sheria za serikali zimeuongezea nguvu upande wa baba, lakini hazikuzaa jina jipya la ukoo. Zililichukua jina la heshima la mzee mmoja na kulipa kazi ambayo si yake. Mtu wa Sindeni aandikaye Semdoe katika nafasi ya "jina la ukoo" ametaja baba au babu. Ukoo wake, ambao bibi yake mzaa mama angeutaja kwa pumzi moja, umeachwa nje ya karatasi.

Nguvu ya ukoo huo usioandikwa yaonekana katika habari ya Wazigula waliouzwa wakati wa njaa ya miaka ya 1830, wakavushwa bahari mpaka pwani ya Benadiri, kisha wakakimbilia bonde la Mto Juba. Huko Somalia waliitwa Mushunguli, neno ambalo ndani yake bado lasikika Mzigula. Walikaa kwa vizazi vingi, wakapokea majina ya Kiislamu kama majirani zao, lakini lugha hawakuipoteza, wala kumbukumbu ya koo. Vita vya Somalia vilipowatoa katika miaka ya 1990, baadhi yao walirudi Handeni, wakakaa kambini Mkuyu, na tangu 2003 katika makazi ya Chogo, na baadaye Tanzania ikawapa uraia. Hawakuwa na hati yenye jina la kuwaunganisha na mtu yeyote wa Uzigua. Walikuwa na Kizigula chao na majina ya koo zao.

Kwa hiyo nawaomba wakusanyaji wa majina, na hasa wanafunzi wanaotumwa vijijini na karatasi za maswali, wasiulize "jina la ukoo" katika nchi hii. Waulize jina la kuzaliwa na nani alilitoa. Jina la heshima na latokana na mtoto gani. Jina la babu aliyerithiwa. Na mwisho, mbali na hayo yote, ukoo wa mama. Mwenye kuulizwa atajibu maswali haya manne bila kusita. Na mtunga kamusi atakapolifika neno ukoo, asiridhike kuandika ya kuwa ni watu wa jina moja.