Sera za Dini katika Mchezo wa Kujenga Dola: Mbegu na Mbolea

Mkulima akimwaga mbolea katika shamba asilolipanda mbegu hatavuna kitu, hata mbolea hiyo iwe bora namna gani. Mbolea huongeza, haianzishi. Tofauti hii baina ya kitu kinachoanzisha na kitu kinachozidisha ni ya msingi katika uchumi, katika elimu ya viumbe na katika hisabati. Hata hivyo, aghalabu mwanafunzi huikariri bila kuiona ikitenda kazi. Mahali pamoja inapoonekana waziwazi ni katika mchezo wa kompyuta uitwao Civilization V, na hasa katika sehemu yake ihusuyo sera za dini.

Mchezo wenyewe

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huu ulibuniwa na Sid Meier pamoja na wenzake, ukatolewa Marekani mwaka 1991 na kampuni ya MicroProse. Mchezaji hukabidhiwa kikundi kidogo cha watu mwaka 4000 kabla ya Kristo, naye hukijengea miji, hukitafutia maarifa na kukiongoza mpaka zama za vyombo vya anga. Ushindi hautegemei wepesi wa vidole. Mchezo huenda kwa zamu, kama bao: kila mmoja hutenda lake, kisha humpisha mwenziwe.

Katika toleo la 1991 hekalu lilikuwa jengo la kuwatuliza raia wenye manung'uniko, basi. Toleo la nne, la mwaka 2005, lilileta dini saba, lakini zote zilikuwa na nguvu sawa. Toleo la tano, lililoundwa na kampuni ya Firaxis Games, lilitolewa mwaka 2010, kisha likapata nyongeza mbili kubwa: Gods & Kings mwaka 2012 na Brave New World mwaka 2013. Maelezo yafuatayo yahusu mchezo pamoja na nyongeza hizo mbili, ukichezwa kwa mwendo wake wa kawaida.

Hazina mbili

Ili kuzielewa sera za dini, hapana budi kutenganisha hazina mbili ambazo wachezaji wengi wapya huzichanganya. Ya kwanza ni utamaduni. Utamaduni hukusanywa kila zamu, na kwa huo mchezaji hununua sera za jamii. Sera hizo zimegawanywa katika matawi tisa, kama vile Mila, Uhuru, Heshima na Uchaji Mungu. Kila tawi lina mlango wake na sera tano ndani yake, na anayelimaliza lote hupata tuzo. Bei ya sera hupanda kila moja inaponunuliwa, na hupanda tena kila mji mpya unapoongezwa.

Hazina ya pili ni imani. Hii haiwezi kununua sera hata moja. Kiasi kidogo cha imani humpa mchezaji fundisho la mwanzo. Ikikusanyika 200, Nabii Mkuu huweza kutokea na kuanzisha dini kamili yenye mafundisho yake. Lakini nafasi si za wote. Katika ramani ya ukubwa wa kawaida, yenye dola nane, dini tano tu ndizo zinazoweza kuanzishwa. Kwa hiyo angalau dola tatu zitakosa dini ya kwao wenyewe, nazo zitaishia kupokea za wengine.

Tawi la Uchaji Mungu

Tawi hili hununuliwa kwa utamaduni, ilhali faida zake nyingi huonekana katika imani. Mlango wake huwezesha madhabahu na mahekalu kujengwa kwa nusu ya muda. Madhabahu, ambayo gharama yake ya kawaida ni vipimo 40 vya uzalishaji, humalizika kana kwamba ni 20; hekalu la vipimo 100 humalizika kana kwamba ni 50.

Ndani ya tawi zimo sera tano. Ya kwanza, Dini Iliyopangwa, huongeza imani moja katika kila madhabahu na kila hekalu. Idhini ya Mbinguni hupunguza kwa asilimia 20 bei ya wahubiri na majengo ya ibada yanunuliwayo kwa imani. Utawala wa Kidini huongeza dhahabu katika miji yenye mahekalu. Uvumilivu wa Dini huuruhusu mji unaofuata dini moja kufaidi pia fundisho la mwanzo la dini ya pili kwa wingi wa wafuasi mjini humo. Ya mwisho, Mageuzi ya Dini, humpa mchezaji fundisho la ziada lenye nguvu kubwa, lakini kwa sharti moja: awe yeye mwenyewe ameanzisha dini.

Hesabu ya ongezeko

Chukuliwe mfano wa dola yenye miji sita, kila mji ukiwa na madhabahu moja na hekalu moja. Kwa kawaida madhabahu hutoa imani 1 na hekalu 2 kwa kila zamu. Kila mji basi hutoa 3, na dola nzima 18. Dini Iliyopangwa ikishapitishwa, madhabahu hutoa 2 na hekalu 3. Kila mji hutoa 5, na dola nzima 30.

Sasa iingizwe Idhini ya Mbinguni. Kitu chenye bei ya 200 hupatikana kwa 160. Wengi hudhani kwamba punguzo la asilimia 20 ni sawa na kuongezewa mali kwa asilimia 20. Sivyo. Mwenye imani 800 alikuwa akinunua vitu vinne. Sasa hununua vitano. Ongezeko la manunuzi ni asilimia 25.

Sera hizo mbili zikitenda kazi pamoja, athari zake hazijumlishwi bali huzidishwa. Tano juu ya tatu, mara tano juu ya nne, ni ishirini na tano juu ya kumi na mbili, yaani zaidi kidogo ya mara mbili. Kwa zamu 100, dola ile ya miji sita ingekusanya imani 1800 na kununua vitu tisa vya bei ya 200. Kwa sera hizo mbili ingekusanya 3000 na, kwa bei ya 160, ingenunua vitu kumi na vinane na kubakiwa na akiba. Katika mchezo wenyewe bei hupanda kadiri zama zinavyopita, lakini uwiano huo hubaki.

Hata hivyo, mwanafunzi aangalie jambo moja. Ongezeko la imani huhesabiwa kwa idadi ya majengo. Dola isiyo na madhabahu wala hekalu itaongezewa sifuri. Aidha, majengo hayo hula dhahabu: madhabahu 1 na hekalu 2 kwa kila zamu, yaani dhahabu 18 kwa miji sita. Mchezaji asiye na dhahabu ya kutosha atajikuta na mahekalu mazuri na hazina tupu.

Kilichoachwa

Wataalamu wa uchumi husema kwamba gharama halisi ya kitu ni kile kilichoachwa ili kitu hicho kipatikane. Sera ya kwanza katika mchezo hugharimu utamaduni 25. Mji mkuu wenye jumba la mtawala na mnara wa kumbukumbu hupata utamaduni 3 kwa zamu. Mchezaji akiutumia ule 25 wa kwanza kufungua tawi la Mila, mji mkuu hupata 3 zaidi, jumla 6. Sera zake zitakazofuata zitakuja kwa kasi maradufu. Akiutumia kufungua Uchaji Mungu, utamaduni wake hauongezeki hata kidogo.

Kwa upande mwingine, mashindano ya kuwahi dini hayamngojei mtu. Dola yenye miji mitatu, kila mmoja ukiwa na madhabahu, hukusanya imani 3 kwa zamu na huhitaji zamu 67 kufikia 200. Ikiwa na Dini Iliyopangwa hukusanya 6 na huhitaji zamu 34. Tofauti ya zamu 33 yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya dini ya tano na kukosa. Na anayekosa, baada ya kuliingia tawi hili, hupata hasara mara mbili: utamaduni umekwisha tumika, na Mageuzi ya Dini hayatampa kitu.

Mfano wa Ethiopia

Dola ya Ethiopia, ambayo mchezoni huongozwa na Haile Selassie, huonyesha vema tofauti ya mbegu na mbolea. Badala ya mnara wa kumbukumbu wa kawaida, yenyewe hujenga jiwe refu la kusimamishwa, kwa mfano wa yale ya kale ya Aksum, nalo hutoa imani 2 juu ya utamaduni wake. Miji mitatu ya Ethiopia yenye mawe hayo na madhabahu hukusanya imani 9 kwa zamu na hufikia 200 kwa zamu 23, bila sera yoyote ya dini. Hapo mbegu ipo tayari.

Mchezaji wa Ethiopia basi ana nafasi ya kuanza na Mila, akaanzisha dini kwa nguvu ya mawe yake, kisha akaingia Uchaji Mungu akiwa na hakika ya kufaidi Mageuzi ya Dini. Mchezaji asiye na chanzo kama hicho hana anasa hiyo: ama awahi Uchaji Mungu, ama aachane nao. Sera ni ile ile. Jibu lililo sahihi hubadilika kwa kadiri ya kilichopo mkononi.

Kielelezo si historia

Kila mchezo wa namna hii ni kielelezo, na kila kielelezo kina dhana za waliokitunga. Katika toleo la 2010, kabla ya nyongeza, tawi la Uchaji Mungu na tawi la Urazini, linalokuza sayansi, hayakuweza kutumika kwa wakati mmoja. Mchezaji alilazimika kuchagua moja, kana kwamba dini na sayansi haziwezi kukaa chini ya paa moja.

Historia haithibitishi dhana hiyo kwa wepesi namna hiyo. Ni kweli kwamba Galileo alihukumiwa na mahakama ya Kanisa mwaka 1633. Lakini ni kweli pia kwamba Gregor Mendel, aliyechapisha kanuni za urithi wa viumbe mwaka 1866, alikuwa mtawa, na kwamba majaribio yake ya njegere aliyafanya katika bustani ya monasteri. Nyongeza ya 2013 iliondoa katazo lile. Tena, miongoni mwa mafundisho ya Mageuzi ya Dini likawekwa moja linaloruhusu vyuo vikuu kununuliwa kwa imani. Watunzi walikisahihisha kielelezo chao, kama ambavyo mwanasayansi hulisahihisha wazo lake.

Bado yako mambo ambayo kielelezo hiki hakiyafikii. Mfalme Ezana wa Aksum alipoupokea Ukristo katika karne ya 4, na Uislamu ulipoenea katika pwani ya Afrika Mashariki kwa njia ya biashara na ujirani, waliohusika hawakuwa wakipiga hesabu ya alama. Mchezo umenasa ukweli mmoja, kwamba dini husafiri pamoja na misafara ya wafanyabiashara. Lakini dhamiri ya mwaminifu haimo ndani ya kompyuta. Mwalimu atakayeutumia mchezo huu darasani autumie kufundisha uwiano, gharama na uchaguzi. Swali la kwa nini watu huamini aliachie somo jingine.

Zoezi

1. Dola ina miji minne yenye madhabahu, lakini miwili tu kati yake ina mahekalu. Pata jumla ya imani kwa zamu kabla na baada ya Dini Iliyopangwa, kisha eleza ongezeko hilo kwa asilimia.

2. Punguzo la bei lingekuwa asilimia 50, manunuzi yangeongezeka kwa asilimia ngapi?

3. Taja dhana moja ya mchezo huu ambayo ungeibadilisha ili ufanane zaidi na historia ya mahali unapoishi, na utoe sababu.