Masika, Mbwa wa Nyumbani na Simu ya Mkononi

Mvua za masika zinapokaribia jijini Dar es Salaam, kaya zinazoishi karibu na mito hufanya maandalizi ambayo hayahitaji kufundishwa na mtu. Friji huinuliwa juu ya matofali, televisheni huhamishiwa juu ya kabati, vyeti vya watoto na hati ya nyumba huwekwa ndani ya ndoo yenye mfuniko. Simu huchajiwa mapema, kwa kuwa umeme unaweza kukatika wakati wowote. Mbwa hubaki kwenye mnyororo wake nyuma ya nyumba, na mara nyingi hakuna anayemkumbuka mpaka maji yamfikie tumboni.

Hapo hutokea moja kati ya mambo mawili. Mbwa huzama akiwa amefungwa, au mtu humfungua kwa haraka naye akatoweka gizani. Mbwa aliyetoweka hukutana na wengine waliopoteza makazi yao, hugombea mabaki ya chakula, hukimbizwa kwa mawe, na hatimaye huuma. Anayeumwa mara nyingi ni mtoto. Kwa sababu hiyo, suala la mbwa wakati wa mvua ni suala la afya ya mtaa mzima, wala si la mwenye mbwa peke yake.

Jiografia ya jiji ina sehemu yake katika jambo hili. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita katikati ya makazi ya watu na kumwaga maji yake baharini karibu na Daraja la Salenda. Mvua kubwa ikinyesha huko juu, mkazi wa Kigogo au Jangwani anaweza kuona maji yakipanda hata kama mtaani kwake mvua imekwisha kukatika. Wala masika ya Machi hadi Mei si kipindi pekee cha hatari. Mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu takribani 40 na kuzifanya baadhi ya familia zihamishiwe Mabwepande, yalikuja katika msimu wa vuli.

Katika mazingira hayo simu ya mkononi ni chombo cha thamani, ikitumiwa ipasavyo. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali mbaya ya hewa kwa ngazi zinazotambulishwa kwa rangi. Njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, na nyekundu ni tahadhari kubwa. Taarifa hizo hutangazwa pia redioni, hivyo asiye na simu janja hakosi kuzipata. Tatizo kubwa zaidi ni ujumbe unaosambazwa katika makundi ya mtaa bila tarehe wala chanzo, na picha za mafuriko ya miaka iliyopita zinazorudishwa kana kwamba ni za asubuhi hiyo. Mtu akihamishwa mara mbili kwa uvumi, mara ya tatu hahami hata maji yakiwa mlangoni. Inafaa kutazama tarehe ya taarifa na jina la aliyeitoa kabla ya kuisambaza.

Angalizo linapotolewa ndipo wakati wa kumhamisha mbwa. Apelekwe mahali palipoinuka, penye kivuli na maji safi ya kunywa, au kwa jirani aliyekubali kumpokea. Ikiwa familia italazimika kuondoka ghafla, mbwa aondoke nayo akiwa amefungwa kamba. Paka hupenda kujificha maji yanapoingia, kwa hiyo ni busara kumtia mapema ndani ya kikapu au boksi lenye matundu. Picha mbili zihifadhiwe katika simu: moja ya mnyama mwenyewe, ikionyesha rangi na alama zake, na nyingine ya kadi yake ya chanjo. Kadi ya karatasi huloa na kupotea. Picha humsaidia mwenye mbwa kueleza, pale mtu anapoumwa, chanjo ilitolewa lini.

Kadi hiyo ina uzito kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Huu ni ugonjwa wa kirusi kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Mvua haileti kichaa, kama baadhi ya watu wanavyoamini. Inachofanya ni kuwatawanya mbwa na kuwakutanisha na watu. Kirusi huingia kupitia jeraha, husafiri polepole katika mishipa ya fahamu na kuelekea kwenye ubongo. Safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu, ingawa inaweza kuwa wiki moja au hata mwaka. Katika muda huo mgonjwa hujiona mzima kabisa. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki, na hakuna dawa ya kumrejesha.

Kwa hiyo saa ya kwanza baada ya kuumwa ndiyo yenye thamani. Jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji safi yanayotiririka, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu kuliko watu wengi wanavyodhani, hasa mtoto anapolia, na saa ya simu ni msaada mzuri hapo. Maji ya mafuriko yasitumike. Pilipili, mafuta ya taa na majani ya kusaga visipakwe. Kisha mgonjwa afikishwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo tu, hata kama mbwa anafahamika. Chanjo ya binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa katika siku tofauti, na kuikatiza katikati kwa kuwa kidonda kimepona ni kosa linaloweza kugharimu maisha.

Mbwa aliyeuma asiuawe kwa hasira. Iwapo anaweza kufungwa bila kumhatarisha mtu, awekwe chini ya uangalizi kwa siku 10 na afisa mifugo wa kata ajulishwe. Mbwa aliyekuwa na kirusi katika mate yake wakati alipouma ataonyesha dalili au kufa ndani ya siku hizo. Mgonjwa, hata hivyo, hasubiri matokeo hayo ndipo aanze chanjo.

Watoto wengi huficha kuumwa kwa kuogopa kugombezwa, hasa kama walikuwa wakimchokoza mnyama. Mzazi anayeuliza kwa upole hupata jibu mapema zaidi kuliko anayeanza na fimbo.

Ipo pia homa ya mgunda, iliyozuka wilayani Ruangwa, mkoani Lindi, mwaka 2022. Vimelea vyake hutoka katika mkojo wa panya na wanyama wengine, mbwa wakiwemo, na huishi katika maji na tope. Anayesafisha banda au uwanja baada ya maji kupungua avae buti na glavu, na afunike michubuko yake. Kabla ya hapo, umeme uzimwe kwenye swichi kuu. Chaja au ekstensheni iliyolowa isichomekwe mpaka ikaguliwe na fundi. Maji yakiwa tayari yameifikia swichi, mtu asiiguse. Atoke nje na kutoa taarifa. Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Mbwa na paka huchanjwa dhidi ya kichaa wakiwa na umri wa miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kila mwaka. Kinga ya mtaa husimama pale angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanapokuwa wamechanjwa. Chini ya hapo kirusi huendelea kupata njia. Siku za chanjo hutangazwa kupitia ofisi za serikali za mitaa. Mbwa aletwe na mtu mzima mwenye nguvu za kumshika, akiwa na kamba imara, na kadi ya zamani ije pamoja naye. Aliyepoteza kadi alete picha iliyo katika simu.