Taa Nyekundu Kwenye Miinuko ya Kangema

Gari kuukuu likipanda kutoka mjini Murang'a kuelekea Kangema, taa ya oili hupenda kuwaka kwenye kona. Dereva anakata usukani, gari linainama, taa nyekundu yenye umbo la birika inamemeta mara moja au mbili, kisha barabara inanyooka na taa inazima. "Ni sensa tu hiyo," anamwambia abiria aliyeketi kando yake, na safari inaendelea.

Mara nyingi si sensa. Oili ya injini hukaa kwenye sampu, lile bakuli lililo chini kabisa, na pampu huifyonza kupitia mrija mmoja. Oili ikiwa imepungua na gari likainama, ile iliyobaki hukimbilia upande mmoja, mrija ukafyonza hewa na presha ikashuka kwa sekunde moja au mbili. Kwenye barabara tambarare ya Thika gari hilohilo lingeweza kukaa siku kadhaa bila kulalamika. Huku kwetu, ambako barabara hushuka mtoni na kupanda tena ng'ambo, siri yake haifichiki.

Fundi anayejua kazi haanzi kwa kumtuma mtu dukani. Anataka gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, oili ipewe dakika tano hadi kumi iteremke, ndipo avute kijiti cha kupimia, akipanguse, akirudishe na kukivuta tena. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, jibu limepatikana kwa gharama ya kitambaa, ingawa limezaa swali jingine: imeenda wapi? Inavuja, au inaungua na kutoka kama moshi wa buluu? Oili ikiwa imetosha na taa ingali inawaka, hapo waya wa sensa unakaguliwa, kisha sensa yenyewe inafunguliwa na kipimo cha presha chenye mshale kinafungwa mahali pake. Mshale ukipanda vizuri, sensa ndiyo mwongo, nayo haina bei kubwa. Ukibaki chini, kuna filta iliyoziba, pampu iliyochoka au beringi zilizolika, na gari halifai kuwashwa tena hadi lifunguliwe. Injini hunoki kwa dakika chache tu za kuzunguka bila presha ya oili.

Onyo la joto lina mambo mengi zaidi, hasa huku juu. Lori la majani chai linalopanda kwa gia ya kwanza hufanyisha injini kazi ngumu huku lenyewe likienda mwendo wa kinyonga. Upepo unaopita kwenye rejeta ni kidogo, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa feni. Ndiyo maana swali la kwanza kwa dereva aliyechemsha huwa hili: limechemsha lini? Likichemsha kwenye mlima au kwenye foleni kisha likapoa likikimbia, mshukiwa ni feni, mota yake au mkanda. Likichemsha likiwa linakimbia, tafuta maji yaliyopungua, rejeta iliyoziba au pampu ya maji. Dereva akiweza kulijibu swali hilo sawasawa, nusu ya kazi ya fundi imekwisha.

Kisha kuna suala la mwinuko lenyewe. Maji huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pwani, lakini kwenye mita 2,000, kimo ambacho mashamba ya chai yanayopakana na msitu wa Aberdare hukifikia, huchemka kwa takriban nyuzi 93. Injini nyingi hufanya kazi karibu na nyuzi 90. Kinachozuia maji yasichemke ni kifuniko cha rejeta, kile kilichoandikwa 0.9 au 1.1 juu yake. Kifuniko hubana presha ndani na kusukuma kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka, presha inatoroka, na gari linaanza kuchemsha mlimani ilhali rejeta, pampu na feni vyote ni vizima. Nimeona watu wakibadilisha gasketi ya hedi kabla ya kukitazama kifuniko. Ni hasara inayouma, kwa sababu kifuniko hukaguliwa kwa macho tu, injini ikiwa imepoa. Ikiwa ya moto kisiguswe kamwe. Maji hayo hutoka kwa kishindo na kuunguza uso. Wala usiimwagie injini inayochemka maji baridi ya mtoni, maana silinda hedi hupata ufa.

Dawa inayopendwa zaidi ya gari linalochemsha ni kung'oa thamostati, ile vali ndogo inayozuia maji yasifike kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Mafundi wengi husema ni kitu cha nchi za theluji. Mtu anayeamini hivyo na aje Kangema asubuhi ya Julai. Injini isiyo na thamostati hukaa baridi muda mrefu, kompyuta yake ikidhani ndiyo kwanza imewashwa, ikaendelea kuongeza mafuta. Siku chache baadaye taa ya injini ya manjano inawaka, na mashine ya kusoma makosa inaandika P0128, yaani maji hayafikii joto linalotakiwa. Mwenye gari analipa tena kutafuta ugonjwa aliouziwa kama dawa.

Kangema haina ziwa, lakini mwenye mashua kule Homa Bay angeielewa hesabu hii bila shida. Injini yake ya nyuma haina rejeta. Hufyonza maji ya ziwa kupitia matundu yaliyo karibu na propela, yanasukumwa na impela ya mpira, na sehemu yake hutoka nje kwa mkondo mwembamba unaoonekana. King'ora kikilia na injini ikajipunguzia kasi yenyewe, jicho linakwenda kwanza kwenye mkondo huo. Ukiwa umekatika, zima, inua injini, ondoa magugu maji au mfuko wa plastiki kwenye matundu. Usipotoka hata baada ya hapo, impela imekwisha. Mkondo ukiwa na nguvu na king'ora bado kinalia, ndipo unapofikiria oili, thamostati na mwisho kabisa sensa.

Taa ya breki nayo isisahauliwe, maana hii huonekana wakati wa kushuka. Gari likielekeza pua chini, mafuta ya breki husogea ndani ya chupa yake, boya linashuka na taa inawaka. Wengi huongeza mafuta, taa ikazima, wakaridhika. Mafuta hayo hayakupotea: padi za breki zimelika, pistoni zimesogea mbele, na mafuta yamefuata kujaza nafasi. Kama padi ni nzima, basi kuna mahali panavuja, na hilo ni baya zaidi.

Tabia ya kunyamazisha kifaa badala ya kukisikiliza tunaijua vizuri. John Michuki, mbunge wa Kangema hadi alipofariki Februari 2012, ndiye aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi kanuni za matatu zilizopewa jina lake zilipoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda ya abiria, mstari wa manjano, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Haukupita muda kabla ya baadhi ya madereva kujifunza kuvichezea vidhibiti. Leo mkono uleule unabandika utepe mweusi juu ya taa ya injini.

Onyo moja tu ndilo ninaloruhusu linyamazishwe. Magari mengi yaliyotumika Japani humsalimu mwenyewe kwa sauti ya kike kila anapowasha, na wapo wanaoingiwa na hofu. Mama huyo anakumbusha tu, kwa Kijapani, kwamba kadi ya kulipia barabara za kule haijaingizwa. Chomoa kifaa chake, hakuna kitakachoharibika.

Na kama unanunua gari la mtu, usiende moja kwa moja kusikiliza injini. Geuza ufunguo hatua moja kabla ya kuwasha, utazame dashibodi. Taa ya oili, ya betri na ya injini lazima ziwake zote, kisha zizime injini inapoanza kuzunguka. Taa ambayo haikuwaka kabisa imetolewa balbu au imekatwa waya, na aliyefanya hivyo alikuwa na sababu. Mwulize muuzaji kabla ya kutoa pesa.