Mbona Hesabu za Kompyuta Mbili Hazilingani?

Tuseme umeuza bidhaa 200 leo, kila moja kwa Sh 100.50. Jioni, ripoti ya duka lako la mtandaoni inasema Sh 20,000. Mhasibu akifungua Excel anapata Sh 20,200. Ukizidisha mwenyewe, jibu ni Sh 20,100! Kabla hujamshuku mfanyakazi, angalia kwanza vile kila programu inaondoa senti.

Nusu shilingi inaenda wapi?

Mifumo mingi ya biashara imeandikwa kwa lugha ya Python. Ukiiambia Python 3 igeuze 100.50 kuwa shilingi kamili kwa amri ya round, itakupa 100. Excel, kwa amri yake ya ROUND, itakupa 101.

Python haijaharibika. Kiasi kikiwa katikati kabisa, inachagua nambari shufwa iliyo karibu, yaani ile inayogawanyika kwa mbili. Ndiyo maana 100.50 inashuka hadi 100, lakini 101.50 inapanda hadi 102. Bei zikiwa tofauti tofauti, kupanda na kushuka husawazishana. Lakini ukiuza kwa bei moja kutwa nzima, hakuna cha kusawazisha. Senti 50 zinapotea mara 200.

Ukibadilisha seva, jibu linaweza kubadilika

Python 2 ilikuwa inapandisha 100.50 hadi 101, kama Excel. Python 3 ilipotoka mwaka wa 2008, ikaja na sheria hii mpya. Python 2 nayo iliachwa rasmi mwanzoni mwa 2020. Kwa hivyo ukihamia mfumo mpya, ripoti inaweza kubadilika bila mtu yeyote kugusa bei zako.

Mwambie anayekuandikia programu afanye hivi:

1. Aweke pesa kwa senti, bila nukta. Sh 100.50 iwe 10050.
2. Kukiwa na asilimia, kama VAT, atumie decimal. Inakuja na Python yenyewe tangu toleo la 2.4 la mwaka wa 2004, hailipiwi. Kwa kawaida Python ikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Decimal hutoa 0.3, mradi kila kiasi kiandikwe ndani ya alama za kunukuu.
3. Aitaje sheria ya kuondoa senti waziwazi. ROUND_HALF_UP hupandisha nusu kila mara, na jibu ni lile lile kwenye Windows, Linux au Mac. Mhasibu naye afuate sheria hiyo hiyo.
4. Ajumlishe kwanza, kisha aondoe senti mara moja tu, mwishoni.

Leo hii, jaribu 100.50 na 101.50 kwenye kila mfumo unaotumia. Ukiona majibu tofauti, rekebisha kabla ya kufunga hesabu za mwezi.