Kumtuliza Mtoto Mchanga Anapotolewa Damu

Mama wengi wanaogopa kuona mtoto wao mchanga akitolewa damu. Wengine wanarudi nyumbani kabla hajapimwa. Jambo hili ni la hatari. Damu kidogo ya kisigino inaonyesha kama mtoto ana malaria, kama sukari imepungua mwilini mwake, au kama umanjano wa macho na ngozi umezidi. Umanjano ukizidi sana bila matibabu unaweza kuharibu ubongo, hata kumwua mtoto. Basi, tusikatae kipimo, bali tujifunze kupunguza maumivu yake.

Je, mtoto mchanga anasikia maumivu?

Ndiyo. Zamani hata waganga wengi walifikiri kwamba hasikii. Katika mwaka 1987 waganga wawili, Anand na Hickey, walionyesha kwamba njia za maumivu zimekwisha kuwa tayari mwilini mwake tangu kuzaliwa. Mtazame uso: anakunja paji, anafumba macho kwa nguvu, anafungua kinywa, anakaza ngumi. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati pengine hana nguvu ya kulia. Akinyamaza, usiseme kwamba haumii.

Mama afanye nini?

1. Mnyonyeshe. Njia hii inapita nyingine. Anza dakika 2 mpaka 5 mbele ya sindano, mpaka ameshika titi vizuri na kumeza. Usimwondoe anapochomwa, wala mara baada yake. Utamu wa maziwa, kunyonya kwenyewe, harufu na joto la mama, vyote vinasaidiana.

2. Mweke ngozi kwa ngozi. Mvue nguo, umlaze wima katikati ya maziwa yako, umfunike kitambaa mgongoni. Ngoja kama dakika 15 kabla ya sindano. Mama akiwa mgonjwa, baba anaweza kumkumbatia vivyo hivyo.

3. Mkunje. Shika kichwa chake kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili kunja miguu yake karibu na tumbo, kama alivyokaa tumboni mwa mama. Mikono yake iwe karibu na kinywa.

4. Maji ya sukari. Kama hawezi kunyonya, mwuguzi anaweza kumtia matone machache ulimini, dakika 2 mbele ya sindano. Hii ni kazi ya hospitali tu. Nyumbani usimpe maji ya sukari wala asali. Miezi 6 ya kwanza chakula chake ni maziwa ya mama peke yake.

Na mwuguzi je?

Atayarishe vyombo vyote kwanza. Achome upande wa kisigino, si nyuma wala katikati, maana huko mfupa u karibu. Asikamue kwa nguvu. Na asimtoe mama nje, kwa maana mama ni msaada mkubwa wa mtoto saa ile.

Ee mama, usione haya kumwambia mwuguzi, “Tafadhali ngoja kidogo, nimpe titi kwanza.” Dakika hizo chache hazipotezi kazi. Mtoto akitulia, damu inatoka vizuri, na wewe hutaogopa kumrudisha siku ya kipimo kingine.

Maswali

1. Kwa nini ni hatari kukimbia kipimo cha damu?
2. Mama aanze kunyonyesha wakati gani?
3. Maji ya sukari yanatolewa wapi, na kwa nini si nyumbani?